Kitale na Bungoma: Nikiifuata Reli Iliyopindishwa

Mtu wa Mombasa akisema anapanda basi kwenda Kitale, huulizwa kama ana harusi au ana msiba. Nilipomjibu shangazi yangu wa Changamwe kwamba nakwenda kuangalia reli, alicheka mpaka akakohoa. "Reli i hapa mlangoni," alisema, "nawe waifuata bara?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Tangu tarehe 31 Mei 2017, reli mpya ya SGR ilipozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi, sisi wa pwani tumeisikia habari ya reli mpaka tumeshiba. Serikali ilipotaka makontena yapande treni bandarini na kwenda kukaguliwa bara, mama lishe wa Changamwe na Miritini walikosa madereva wa kuwauzia wali, gereji zikafungwa, na wapakiaji wakarudi makwao. Mwaka 2019 watu waliandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema amri ile imekiuka Katiba. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto akaamuru ukaguzi wa mizigo urudi Mombasa. Viongozi wa kaunti yetu walipiga kelele miaka hiyo, sikatai. Lakini walipiga kelele wakati tuta limeshajengwa, deni limeshatiwa saini na vichwa vya treni vimeshashushwa melini.

Kwa hiyo mwaka 2025, iliposemwa tena kwamba SGR itatolewa Naivasha ifike Kisumu na Malaba, nilitamani kuwaona watu wa magharibi. Nafasi tuliyoikosa sisi wao bado walikuwa nayo. Sikuwahi kufika upande ule wa nchi. Nikachagua Kitale na Bungoma, miji miwili jirani iliyopata reli ya kwanza karibu karne moja iliyopita, mmoja ukiwa umeililia na kupewa, mwingine ukipitiwa tu.

Basi la usiku kutoka Nairobi humfikisha mtu Kitale alfajiri, na alfajiri ya Kitale si ya mzaha. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ukungu ulikuwa umelala stejini na makuli walikuwa wamejifunga mablanketi mabegani kama wachungaji. Nilikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye kibanda cha mabati, nikangoja jua. Lilipotoka nikaona mlima Elgon upande wa machweo na vilima vya Cherangany upande wa pili, na katikati yake mahindi. Mahindi nyuma ya kituo cha mafuta, mahindi nyuma ya kanisa, mahindi kwenye kila kipande cha ardhi ambacho mtu hajakijengea nyumba. Kwetu shamba ni kitu unachokwenda kukitembelea. Kitale shamba ndilo linaloutembelea mji.

Kijana wa bodaboda alinipeleka stesheni. Reli ya Kitale haiendi mbele zaidi. Inafika hapo na kukoma, na baada yake ni barabara ya kwenda Kapenguria na Turkana. Siku ile vyuma vilikuwa na kutu juu, mahali ambapo gurudumu linalopita mara kwa mara lingevisugua vikang'aa. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi hatua chache kutoka kwenye mataruma aliniangalia nikipiga picha.

"Dada, unangoja treni?"

Nikamwambia naangalia tu.

"Angalia, haina ada," akasema, akanichagulia hindi laini.

Pembeni yake, kwenye benchi, alikaa mzee aliyefanya kazi ya reli ujana wake. Nilimpa shikamoo. Huku bara wengi huishangaa, lakini yeye aliiitikia vizuri, marahaba ndefu. Aliniambia kazi ya tawi hili ilikuwa rahisi kueleza: magunia yanashuka, mbolea na mafuta yanapanda. Alinyoosha kidole kuelekea malori yaliyopanga foleni barabarani. "Hiyo ndiyo treni yetu sasa, binti yangu. Kila behewa na dereva wake."

Hapo ndipo inafaa nieleze jinsi vyuma vile vilivyofika pale, kwa maana jambo zima limo humo.

Reli ya kwanza kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na kwa miaka mingi mzigo wa Uganda ulivushwa ziwani kwa meli. Ilipotakiwa reli ya kwenda Uganda moja kwa moja kwa nchi kavu, njia zilizobishaniwa zilikuwa mbili. Wapo waliotaka ianzie upande wa ziwa, ipite nchi ya Mumias, kwenye njia ya zamani ya misafara, ambako watu walikuwa wengi na ardhi haina mlima wa kutisha. Wapo waliotaka ichepuke Nakuru, ipande ukingo wa Bonde la Ufa, ipite nyanda za Uasin Gishu kwenye mashamba ya masetla, ndipo iteremke magharibi. Njia hii ya pili ilipaswa kupanda zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa. Mhandisi yeyote angeuliza kwa nini. Gavana Edward Northey na masetla hawakuuliza. Ujenzi ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, reli ikafika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea Turbo, Webuye, Bungoma na Malaba, na Kampala ikafikiwa mwaka 1931. Kando ya Eldoret, pahali paitwapo Leseru, likachomolewa tawi la kilomita zipatazo 65 hadi Kitale, lililofunguliwa mwaka 1926.

Kwa nini Kitale? Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa masetla, wengi wao askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopewa mashamba kuanzia 1919. Walilima mahindi, na mahindi ni mzigo mzito wenye bei ndogo. Ukiyabeba kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka Eldoret, faida yote inaliwa na ng'ombe. Walihitaji reli, na walikuwa na pa kusemea. Kuanzia 1920 masetla walikuwa wakichagua wajumbe wao 11 wa Baraza la Kutunga Sheria. Walipata reli. Walipata na nauli nafuu ya mahindi yanayokwenda ng'ambo, baada ya kamati ya Bowring ya mwaka 1922 kuipendekeza. Sheria ya 1928 ikawapa tena mabaraza yao ya wilaya, ya kushughulikia barabara za kuingilia stesheni. Ukitazama ramani ya matawi ya zama hizo (Solai, Kitale, Thomson's Falls, Nanyuki) utaona matawi yamefuata mashamba ya watu wenye kura.

Wenyeji je? Mabaraza yao, yale yaliyoitwa ya wenyeji, yalianza mwaka 1925. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, Mzungu. Yalikusanya kodi ndogondogo, yakajadili shule, zahanati na madaraja ya vijijini. Njia ya reli haikuwa ajenda yao. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, wakati kokoto za Bungoma zimeshaota majani. Upande wa ziwa hatimaye ulipewa tawi moja la kutoka Kisumu hadi Butere, mwaka 1930, nalo likakomea hapo, bila kufika Mumias.

Nilimuuliza mzee wa benchini kama kuna siku alisafiri kwa treni kutoka Kitale kwenda Bungoma. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama huenda Nairobi kwa kupitia Mombasa. Tazama ramani utaelewa. Miji hii miwili, kwa barabara, haitengani hata kilomita 100. Lakini kwa reli ilikubidi kwanza urudi kusini-mashariki mpaka Leseru, karibu na Eldoret, halafu ugeuze uso na kuteremka magharibi. Reli haikujengwa ili mtu wa Kitale amfikie jirani yake wa Bungoma. Ilijengwa ili gunia la Kitale lifike bandari ya Mombasa. Basi nami, niliyekuja kuifuata reli, nikapanda matatu.

Njia ya Kitale kwenda Webuye inateremka taratibu, na koti langu nalo likavuliwa taratibu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu. Mahindi yanapungua, migomba na miwa inaongezeka, na salamu zinageuka: kule nyuma nilisikia chamgei, huku ni mulembe. Kondakta alikuwa akisimamisha gari kila palipo na kuku. Sisemi kwa dhihaka. Abiria watatu walikuwa na kuku, na mmoja wa kuku hao alisafiri miguuni pangu kwa adabu kuliko kondakta mwenyewe. Nyuma yetu na mbele yetu yalikuwa malori. Barabara hii ndiyo inayotoka Turkana kuja Kisumu, na kwa kuwa haina reli sambamba nayo, kila kitu kinaipandia: mchanga, simenti, mifugo, nafaka za msaada. Mwaka 2018, Kenya ilipoanza kusafirisha mafuta ghafi ya Lokichar kwa majaribio, yaliletwa kwa malori mpaka Kitale, yakaendelea kwa malori mpaka Mombasa.

Nilishuka Webuye kwa sababu nilitaka kuona kiwanda cha karatasi. Zamani mji huu uliitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha Pan Paper kiliufanya mji wa kazi. Kilifungwa 2009. Kikauzwa 2016 kwa kampuni binafsi, lakini mji haujarudi kuwa ulivyokuwa. Mwanamke aliyeniuzia ndizi aliniambia mumewe alifanya kazi mle ndani. Hakusema zaidi, akanihesabia chenji. Reli inapita hapo hapo, na inafundisha jambo ambalo wanasiasa wetu hawapendi kulisikia, kwamba stesheni haizai mzigo. Kiwanda kikilala, reli iliyo kando yake inabaki ikipitisha makontena ya watu wa Kampala. Baada ya Webuye unafika Bukembe, kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, na matrekta ya miwa yanatawala barabara. Sukari, karatasi, mahindi: mizigo mitatu mizito ndani ya mwendo wa saa mbili. Kama kuna nchi iliyoumbwa kwa ajili ya treni ya mizigo, ni hii.

Bungoma nilifika mchana, jua likiwa kama la nyumbani. Hapa reli haikomi pembeni mwa mji, inaupasua. Hii ndiyo njia kuu ya kwenda Uganda, ile ya upana wa mita moja, ambayo Shirika la Reli lilikarabati kutoka Longonot hadi Malaba, kilomita 465, baada ya SGR kukwama Naivasha mwaka 2019. Kontena linalotoka Mombasa hupanda SGR mpaka bandari kavu ya Naivasha, hapo linahamishiwa kwenye mabehewa ya reli ya zamani, na ndipo linapanda Timboroa ileile ya masetla. Ndivyo tulivyoamua kuunganisha karne mbili.

Kando ya reli kuna biashara ya kila namna: mitumba, viatu, sufuria, mafundi cherehani, wakaanga samaki. Nilikaa kwa mama mmoja muuza nguo za watoto, aliyenipa kiti kabla sijaomba, akaniita "mayi" kama wamwitavyo mwanamke wa heshima huko. Treni ya mizigo ilipita tukiwa tumekaa. Haikuwa na haraka. Tuliacha kuzungumza, makontena yakapita mbele yetu moja baada ya jingine, yote yakienda Malaba, halafu mama akaendelea na sentensi aliyoiachia katikati.

"Hapa unauza kwa kibali cha nani?" nikamuuliza.

"Kaunti inakuja kuchukua pesa ya soko kila siku," akasema. "Reli inakuja na rangi nyekundu, inachora X."

Maneno hayo yanaeleza ugatuzi wetu vizuri kuliko vitabu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Reli imetajwa kwa jina upande wa serikali ya kitaifa, pamoja na mabomba ya mafuta na safari za anga. Upande wa kaunti kuna masoko, barabara za kaunti, maegesho, na mipango ya matumizi ya ardhi. Tuta la reli na hifadhi yake ni la Nairobi. Anayesimama juu yake akiuza ni mwananchi wa kaunti, anayelipa ada kwa kaunti. Siku ya kubomolewa kila upande humnyooshea mwenzake kidole. Februari 2021, reli ya Nakuru hadi Kisumu ilipokuwa ikikarabatiwa, nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa. Wale watu walikuwa na gavana, walikuwa na mwakilishi wadi, na usiku ule hawakuwafaa.

Je, basi, kaunti haina la kufanya? Nimesikia jibu hilo kwa watu wengi safarini, tangu Kitale: reli ni ya Nairobi. Mzee mmoja niliyekula naye chakula cha mchana Bungoma, diwani wa zamani kabla mabaraza ya miji hayajavunjwa mwaka 2013, alisema kwamba zama zao walibishania vibanda vya soko, na reli waliitazama kama wanavyotazama mvua. Tulikuwa tukila ugali na kuku wa kienyeji, na kwa kuwa alikuwa mwenyeji wangu sikutaka kumbishia. Namjibu hapa.

Kwanza, mkondo wa reli mpya. Sehemu ya mwisho ya SGR ilivyochorwa inatoka Kisumu, inapita Yala na Mumias, inafika Malaba, kilomita 107 hivi. Miongoni mwa kaunti zinazoguswa ni Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia. Mji wa Bungoma haumo. Kitale haumo kabisa. Yaani baada ya miaka mia moja wahandisi wameirudia njia ya Mumias, ile iliyokataliwa ili masetla wapewe yao. Kwa kipimo cha milima na idadi ya watu, naona wamefanya vizuri. Lakini maana yake kwa miji hii miwili ni nzito: siku SGR itakapofika Malaba, makontena yatakuwa na njia ya mkato, na reli ya zamani inayopita Eldoret, Webuye na Bungoma itabaki ikitafuta kazi. Upande wa pili wa mpaka hawasubiri. Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi mwezi Oktoba 2024 kwa reli ya Malaba hadi Kampala, yapata kilomita 272, na ikaizindua kazi hiyo Novemba mwaka huohuo.

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka Kanduyi jioni, mzaliwa wa Mumias, alikuwa na habari hizi zote. "Sisi tutapata stesheni," akasema kwa furaha. Nikamuuliza Bungoma watapata nini. "Watakuja kwetu kupanda."

Na hilo si jibu baya! Kutoka Bungoma hadi Mumias ni mwendo mfupi. Stesheni inaweza kuwa Mumias na ghala likawa Bungoma, ikiwa kuna barabara nzuri kati yake na ardhi iliyotengwa mapema. Barabara, ardhi iliyopimwa, soko la jumla, maegesho ya malori: vyote hivyo vimo katika orodha ya kaunti, wala haviombwi Nairobi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti kalamu ya kuchora nini kiwe wapi. Kaunti ikichelewa kuchora, madalali huchora. Niliona kwetu Miritini jinsi viwanja vilivyopanda bei na watu waliolala maskini wakaamka wapangaji.

Halafu kuna kubishana kwenyewe. Serikali ya mtaa isiyo na mamlaka juu ya reli inaweza kuipinda reli ikiwa inashika kitu ambacho reli inakihitaji. Mfano mkubwa uko Japani. Reli ya sumaku ya kutoka Tokyo hadi Nagoya, yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa, ilikusudiwa kufunguliwa 2027. Jimbo la Shizuoka halipati hata stesheni moja; treni ingepita chini ya milima yake kwa kilomita chache tu. Gavana Heita Kawakatsu alikataa kutoa kibali mpaka aelezwe maji ya mto Oi yatakuwaje handaki likichimbwa, kwa kuwa wakulima na miji ya chini wanayategemea. Kampuni ya reli, tajiri kuliko kaunti zetu zote zikichangishwa, ilikwama. Mwaka 2024 ikaiacha rasmi tarehe ya 2027. Wapo Wajapani wanaomwona Kawakatsu mkaidi aliyeichelewesha nchi, na pengine ni kweli. Mimi ninalotazama ni kwamba aliuliza swali la maji kabla ya kuchimba. Mto Nzoia unashuka kutoka nchi hii niliyoipita, unakwenda kufurika Budalang'i. Ni nani katika mabunge yetu ya kaunti ameuliza tuta la SGR litayafanya nini maji yake?

Treni yetu wala si ya kasi hiyo. SGR ya Kenya imejengwa kwa kilomita 120 kwa saa kwa abiria na 80 kwa mizigo; ile ya Tanzania, ambayo wenzetu huiita ya mwendokasi, hufika 160. Lakini hata treni ya 80 ni umeme kwa mtu aliyezoea kupanda Timboroa kwa reli ya 1924.

Kitale kina hoja yake ya pekee, nayo nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote nilizokutana nazo. Hakihitaji SGR. Kinahitaji tawi la Leseru lifanye kazi, treni ya mizigo yenye ratiba, na ghala la kupakilia karibu na stesheni. Lile tawi tayari lipo, na halina fidia ya kulipa kama reli mpya. Bodi ya nafaka ina maghala mjini, kampuni ya mbegu ya Kenya Seed imekuwa Kitale tangu 1956. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa mezani na Shirika la Reli akiwa na hesabu mkononi: mzigo kiasi gani, miezi gani, kwa nauli ipi. Masetla walikuwa na hesabu hiyo mwaka 1922, ndiyo maana walisikilizwa. Bunge la Kaunti ya Trans Nzoia lina wadi 25 na la Bungoma lina wadi 45. Wawakilishi sabini waliochaguliwa kwa kura za watu wote. Masetla walikuwa na wajumbe 11, na kwa hao 11 waliivusha reli mlimani.

Tena kaunti hizi mbili haziko peke yake. Zote ni wanachama wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa, yenye kaunti 14, zikiwemo Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia ambako SGR itapita. Kibarua cha magavana Natembeya wa Trans Nzoia na Lusaka wa Bungoma, na cha watakaowafuata, ni kuifanya jumuiya hiyo iseme neno moja: wapi mzigo wa reli ya zamani utakutana na wa reli mpya, na wauzaji wa kando ya reli watahamishiwa soko gani kabla ya rangi nyekundu kufika. Kila kaunti ikiomba stesheni yake peke yake itapewa ahadi yake peke yake. Katiba, kifungu cha 189, inazitaka serikali za ngazi mbili zishauriane na kushirikiana. Kushauriana huanza na mtu kubisha hodi.

Na gharama, tusisahau, tayari zinalipwa. Ushuru wa Maendeleo ya Reli unatozwa bidhaa nyingi ziingiazo nchini tangu 2013, na muuza duka wa Kitale huulipa ndani ya bei ya mzigo wake sawasawa na wa Mombasa, ingawa SGR hajaiona ila kwenye televisheni.

Nilirudi Nairobi kwa basi kupitia Eldoret. Pale barabara inapokaribiana na reli, kabla ya Turbo, niliiona treni nyingine ya makontena ikipanda polepole kuelekea milimani, na malori yakiipita.

Mipango ya maendeleo ya kaunti ya sasa inakwisha mwaka 2027, na ile ya 2028 hadi 2032 lazima iandaliwe kabla. Mikutano ya kukusanya maoni itaitishwa kwenye wadi, mara nyingi asubuhi ya siku ya kazi, kwenye ukumbi wa chifu au uwanja wa shule, na tangazo litakuwa karatasi moja ukutani. Wewe uliye Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Kanduyi au kando ya stesheni ya Kitale, isome karatasi hiyo. Nenda. Mwambie mwakilishi wako aandike neno "reli" ndani ya mpango, na pembeni yake aandike ghala, barabara ya Mumias, tawi la Leseru, maji ya Nzoia na soko la mama anayeuza nguo za watoto. Sisi wa Mombasa tulikwenda tukiwa tumechelewa.